Barua ya Wazi kwa Bodi za Makumbusho: Chungu Kina Namba, Anayekifuta Vumbi Hana

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi, Wakurugenzi na Wahifadhi wa Makumbusho ya Umma ya Tanzania na Kenya

YAH: USIMAMIZI WA WATU WANAOJITOLEA KATIKA MAKUMBUSHO

Waheshimiwa,

Kwa heshima wanayostahili watu waliokabidhiwa kumbukumbu za mataifa mawili, barua hii inaletwa hadharani kwa sababu jambo lililomo huzungumzwa zaidi kwenye korido na kwenye vituo vya daladala kuliko kwenye ajenda za vikao vya bodi, nalo ni namna makumbusho ya umma yanavyowapokea watu wanaojitolea, yanavyowatumia na yanavyoagana nao. Kwa maana inayotumika humu, anayejitolea ni mtu afanyaye kazi ya makumbusho kwa hiari yake, bila mshahara wala mkataba wa ajira: mhitimu wa akiolojia anayetafuta uzoefu, mwalimu mstaafu anayewaongoza wageni ukumbini, mwanachama wa chama cha marafiki wa makumbusho, au mvuvi mzee anayeitwa mara moja kwa mwaka kueleza kwamba dema lililoko ghalani lilisukwa kwa fito za mti gani na lilitegwa kwenye kina gani. Mwanafunzi aliyeletwa na chuo kwa mafunzo ya vitendo hayumo katika kundi hili, kwa kuwa yeye ana msimamizi anayemfuatilia na alama zinazomsubiri, ingawa mara nyingi hukalishwa meza moja na wanaojitolea na kupewa kazi ileile.

Hoja kuu ya barua hii ni moja. Makumbusho ni taasisi ambayo ustadi wake wa kwanza ni kuandika na kutunza kumbukumbu, na ustadi huo, ambao bodi hazihitaji kuununua popote, mahali pengi haujaelekezwa kwa watu wanaokuja kuvitunza vitu vya makumbusho bila malipo. Yapo makumbusho machache yaliyojitahidi, hasa pale ambapo chama cha marafiki kimesimama imara. Nairobi, kwa mfano, chama cha namna hiyo kipo tangu mwaka 1971, nacho kimeendesha mafunzo kwa wanachama wake kabla hawajakabidhiwa wageni. Juhudi hizo zinastahili shukrani, lakini pia zinathibitisha kwamba mzigo umeachwa kwa vyama vya nje badala ya kubebwa na taasisi zenyewe.

1. Kumbukumbu za watu ni duni kuliko kumbukumbu za vyombo. Chungu kinapopokelewa makumbusho huandikwa katika daftari la usajili pamoja na jina la aliyekitoa, mahali kilipopatikana, tarehe, vipimo na hali yake, kisha hupewa namba isiyotumiwa na kitu kingine chochote, ambayo kwa kawaida huonesha mwaka wa kupokelewa na nafasi ya kitu hicho katika orodha ya mwaka huo. Na namba hiyo huandikwa kwa kalamu ya ncha nyembamba juu ya tabaka la vanishi inayoweza kuondolewa, upande wa chini, mahali ambapo mgeni haoni na wino hauugusi mwili wa chungu chenyewe. Kikihamishwa kutoka ghalani kwenda ukumbini, uhamisho huandikwa. Kikipata ufa, ufa huo nao huandikwa, na aliyeuona hutia sahihi. Mtu anayejitolea, kwa upande wake, huandika jina lake katika daftari la mlinzi getini, akaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, na tangu hapo habari zake zote hukaa kichwani mwa ofisa mmoja aliyempokea, kiasi kwamba ofisa huyo akihamishwa au akistaafu hapatikani mtu wa kueleza nani alifanya nini, kwa muda gani, alifundishwa na nani na alishika vitu gani.

Madhara ya hali hiyo huwaangukia wote wawili, anayejitolea na makumbusho. Anayejitolea, baada ya miezi mingi ya kuandika kadi za mikusanyo, huomba barua ya utambulisho akaandikiwa sentensi tatu zinazoweza kumfaa mtu yeyote, kwamba alikuwa mwaminifu, mchapakazi na mwenye ushirikiano, hali mwajiri anayeisoma barua hiyo anataka kujua kama aliwahi kusajili kitu, kupima unyevu wa ghala au kuandaa maelezo ya onesho. Makumbusho nayo hupoteza, kwa sababu wapo wafadhili wanaokubali saa za watu waliojitolea zihesabiwe kuwa mchango wa taasisi katika mradi, na saa ambazo hazikuandikwa haziwezi kuhesabiwa. Kinachohitajika hapa ni kanzidata, yaani hazina ya taarifa zilizopangwa katika kompyuta kwa namna inayoziruhusu kutafutwa na kulinganishwa, na kwa makumbusho yenye watu ishirini au thelathini wanaojitolea hata lahajedwali la kawaida, lile jedwali la safu na mistari ambalo kila karani wa hesabu analijua, linatosha kuanzia. Barua hii haiombi zabuni ya mfumo wa mamilioni, na ingependelea zabuni ya aina hiyo isitangazwe kabla utaratibu wenyewe haujaandikwa kwenye karatasi.

2. Utaratibu uliopo ulirithiwa kutoka kwa watu wa hali nyingine. Makumbusho ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka uliotangulia, ambacho wanachama wake walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na wamisionari, watu waliokusanya vipepeo na mimea kwa raha zao baada ya kazi zilizowalipa. Hata mwanaakiolojia Louis Leakey, alipofanywa mhifadhi wa heshima wa makumbusho hayo mwaka 1941, hakulipwa kwa cheo hicho; wakati ule wa vita aliitumikia serikali katika kazi za ujasusi, na nafasi ya mhifadhi mwenye mshahara aliipata mwaka 1945. Kwa watu wa namna hiyo, kutoandikiana mkataba, kutorudishiwa gharama na kutoulizana saa ulikuwa uungwana tu, kwa kuwa hakuna aliyepungukiwa kitu.

Anayejitolea leo ni mtu mwingine kabisa. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza chuo, anayepanda daladala mbili kutoka Mbagala au matatu kutoka Kayole kila asubuhi, anayekula mchana kwa mkopo kwa mama lishe, na anayeendelea kuja kwa sababu amesikia, bila kuahidiwa na mtu, kwamba nafasi zikitangazwa watafikiriwa kwanza waliokuwapo. Kumtaka mtu huyo awe na moyo wa kujitolea, huku taasisi ikikwepa hata gharama ya nauli yake, ni kumfanya maskini awe mfadhili wa makumbusho ya taifa. Na kwa kuwa si kila maskini anaweza kubeba ufadhili huo kwa muda mrefu, wanaobaki mwishowe ni wale ambao nyumbani kuna anayewalipia. Hapo sauti za ukumbini huanza kuwa za tabaka moja, na wakazi wa pembezoni mwa jiji huingia makumbusho siku ya ziara ya shule tu. Kurejesha gharama, yaani kumrudishia mtu fedha alizokwisha kuzitumia ili aweze kufika na kufanya kazi, si mshahara wala si posho ya kikao, na hakumgeuzi aliyejitolea kuwa mwajiriwa. Ni kiasi kinachoweza kupangwa mapema, kikaandikwa katika bajeti na kukaguliwa.

3. Pengo la ajira lisizibwe kwa mtu wa kujitolea. Kazi iliyomo katika muundo wa utumishi, ambayo ina cheo, ngazi ya mshahara na kiti kilicho wazi, ikifanywa na mtu asiyelipwa kwa mwaka mmoja au miwili mfululizo, huyo hajitolei tena. Anatumiwa. Bodi zinajua hivyo, na ndiyo sababu jambo hili halionekani katika taarifa za mwaka.

4. Usalama umeachiwa bahati. Wanyama na ndege waliokaushwa kwa maonesho, hasa wale wa nusu ya kwanza ya karne iliyopita, walihifadhiwa katika makumbusho mengi duniani kwa arseniki, ambayo ni sumu iliyopakwa upande wa ndani wa ngozi ili wadudu wasiile, na sumu hiyo haiishi nguvu kwa kuwa imekaa miaka mingi. Vyombo vya miti, vya ngozi na vya manyoya navyo vilipuliziwa dawa za wadudu ambazo nyingi kati yake zimekwisha kupigwa marufuku. Mhifadhi aliyesomea kazi yake hulijua hilo na huvaa glavu na barakoa. Anayejitolea siku yake ya tatu hupewa brashi laini, akaonyeshwa kabati la ndege na kuambiwa afute vumbi taratibu, naye hufanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, akiinama karibu na manyoya ili asiyavunje, na kila anapoinama huvuta pumzi. Wapo pia wanaopanda ngazi kufunga taa za maonesho, wanaobeba masanduku, na wanaohamisha chupa za vielelezo vilivyomo ndani ya fomalini, ile dawa ya maji inayozuia mwili wa kiumbe kuoza, ambayo mvuke wake huchoma macho na koo.

Akidhurika mtu huyo, hadhi yake mbele ya sheria ni ya mashaka. Sheria ya fidia ya Kenya ya mwaka 2007 na ile ya Tanzania ya mwaka 2008 zimejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, na mtu asiye na karatasi yoyote inayoeleza alikuwa pale kwa kazi gani hujikuta akilazimika kuthibitisha kwanza kwamba alikuwapo. Bima ya ajali ya kundi, inayonunuliwa na taasisi kwa ajili ya orodha ya watu wanaotajwa kwa majina, ingelimaliza tatizo hili, lakini haiwezi kununuliwa na taasisi isiyokuwa na orodha.

5. Maarifa hutoka getini pamoja na simu. Kazi yenye thamani kubwa kuliko zote ambazo wanaojitolea hufanya ni kurekodi simulizi, yaani maelezo ya mdomo ya wazee kuhusu matukio, vyombo, nyimbo za kazi na majina ya mahali, na kazi hiyo siku hizi hufanywa kwa simu janja ya anayejitolea mwenyewe, kwa bando lake na kwa kadi yake ya kumbukumbu. Anapopata ajira mji mwingine, sauti huondoka naye. Simu ikiibwa au ikitumbukia majini, sauti hupotea. Na mzee aliyezungumza huweza kufariki kabla hajarudiwa. Mara nyingi hakuna aliyemwomba mzee huyo ridhaa ya maandishi wala aliyemweleza sauti yake itatumika wapi, jambo ambalo, mbali na kuwa utovu wa adabu, linagusa Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Sheria hizohizo zinayahusu majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wanaojitolea wenyewe, vinavyozungushwa katika makundi ya WhatsApp bila mipaka.

Kwamba kazi ya namna hii inaweza kufanywa vizuri na vijana wasio waajiriwa si jambo la kubahatisha. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda wilaya za kusini na mashariki mwa Tanzania kukusanya habari za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 kutoka kwa watu walioviona na watoto wao. Walikuwa wanafunzi wa historia na si watu wa kujitolea wa makumbusho, lakini walikwenda kwa mpango, wakaandika ripoti zao, na ripoti hizo zikapewa namba za rejea ambazo wanahistoria wanazitumia mpaka leo. Mashahidi wale hawapo tena. Kilichobaki ni karatasi zile zenye namba, na haihitaji kukisia sana kujua nini kingebaki kama kila mwanafunzi angekwenda na daftari lake nyumbani.

6. Watoto wa shule. Makumbusho hupokea mabasi ya wanafunzi karibu kila siku ya muhula, na watoto hao hukabidhiwa kwa waongozaji ambao hakuna aliyewauliza wadhamini wala cheti cha polisi cha tabia njema. Kuwauliza hivyo hakuna gharama ya kutajwa na hakuna sababu ya kusubiri bajeti.

7. Wenye ujuzi wako mbali na hawajaalikwa. Tangu mwaka 2013 Taasisi ya Smithsonian ya Marekani imeuwezesha umma kunakili, kupitia intaneti, shajara za wanasayansi, lebo za vielelezo na barua za zamani, huku kila ukurasa ukipitiwa na mtu wa pili kabla ya kukubaliwa. Utaratibu huo unaitwa kujitolea kwa mbali, na kwa makumbusho ya Afrika Mashariki una maana ya pekee, kwa kuwa Waswahili wenye kusoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wametawanyika kati ya Lamu, Unguja, Maskati, Uingereza na kwingineko, na wengi wao ni watu wazima waliokwisha kustaafu, ambao wangefurahi kusoma kurasa mbili kwa siku wakiwa barazani kwao. Picha za kurasa, fomu ya kunakilia na mhariri mmoja mwenye subira ndivyo vitu vinavyohitajika, ingawa ni lazima wahifadhi waanze kwa kuchuja hati zenye siri za familia au za dini, ambazo wenyewe hawakuzikusudia kwa macho ya kila mtu. Madaftari ya zamani ya usajili nayo yanaweza kunakiliwa kwa njia hiyo, na wazaliwa wa mahali vitu vilikotoka wangeweza kusahihisha majina ya vijiji ambayo makarani wa kikoloni waliyaandika kama walivyoyasikia.

Waheshimiwa, hakuna katika hoja hizi jambo ambalo ni geni katika taaluma yenu. Kanuni za Maadili za ICOM, ambalo ni Baraza la Kimataifa la Makumbusho, zinazitaka bodi ziwe na sera ya maandishi kuhusu kazi za kujitolea, sera inayojenga uhusiano mwema kati ya wanaojitolea na wanataaluma, na zinazitaka pia zihakikishe kwamba wanaojitolea wanazijua kanuni hizo. Fasili mpya ya makumbusho iliyopitishwa na baraza hilo mjini Prague, Agosti 2022, imeweka ushiriki wa jamii ndani ya maana yenyewe ya makumbusho. Viongozi wa makumbusho huitaja fasili hiyo kwenye hotuba. Ushiriki wa jamii, ukishushwa kutoka kwenye hotuba hadi ukumbini, ndiye yule kijana mwenye brashi.

Kwa hiyo bodi zinaombwa zifanye yafuatayo. Kwanza, kila bodi ipitishe sera fupi ya maandishi kuhusu kujitolea, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikitaja wazi kwamba nafasi iliyo katika muundo wa ajira haitajazwa na mtu asiyelipwa. Pili, ateuliwe mratibu, mtumishi mmoja mwenye jina na namba ya ofisi, ambaye usimamizi wa wanaojitolea utaandikwa katika majukumu yake na kupimwa katika tathmini yake ya mwaka, kwa sababu kazi inayoongezwa juu ya kazi nyingine bila kupimwa haifanyiki. Tatu, kila anayejitolea atie sahihi makubaliano ya ukurasa mmoja yanayotaja kazi, muda usiozidi miezi sita kabla ya kufikiriwa upya, saa, msimamizi, gharama zitakazorejeshwa na namna ya kuagana, na jina lake liingie katika kanzidata inayolindwa kama sheria inavyotaka. Nne, asiwepo mtu atakayegusa mkusanyo, ngazi au kemikali kabla ya mafunzo ya usalama, wala atakayekabidhiwa watoto kabla ya wadhamini wake kuulizwa, na bima inunuliwe kwa wote waliomo orodhani. Tano, rekodi zote za simulizi zihamishiwe katika hifadhi ya makumbusho ndani ya siku chache baada ya kufanywa, zikiwa na ridhaa ya msimuliaji na jina la aliyerekodi, na jina hilo litajwe kila rekodi inapotumika katika onesho au kitabu.

Cheti chenye nembo ya dhahabu hakimo katika maombi haya. Vyeti vya namna hiyo vimeshatolewa vya kutosha.

Kila mwaka, tarehe 18 Mei, makumbusho husherehekea Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, iliyoanza mwaka 1977, na bodi zinaombwa ziitumie siku hiyo ijayo kuitangaza sera hiyo mbele ya umma, pamoja na idadi ya watu waliojitolea na saa walizofanya kazi. Bodi itakayoona kwamba kazi hii ni kubwa mno inaombwa ianze na jambo moja linaloweza kukamilika ndani ya wiki moja, nalo ni kuagiza kila idara ilete orodha ya watu wanaojitolea kwake hivi sasa, yenye majina yao, kazi wanazofanya na tarehe walizoanza. Idara itakayoshindwa kuleta orodha hiyo itakuwa imeithibitisha hoja ya kwanza ya barua hii.